Onja kwanza wewe mwenyewe

Mwisho wa mwezi wa sita, tulipomaliza kusahihisha mitihani, tuliketi walimu wanne nyuma ya nyumba ya mwenzetu mmoja, katika komini ya Panda, huku Likasi. Mmoja wetu alikuwa ametoka Lubumbashi na chupa sita za bia nyeusi, zile stauti ambazo zinavuka toka Zambia kupitia Kasumbalesa ndani ya mizigo ya wafanyabiashara. Kabla hajafungua hata moja, alianza kutufundisha. Alisema shayiri yake inakaangwa mpaka inakuwa nyeusi kama kahawa, eti ulimini utasikia shokola, utasikia moshi, utasikia maziwa. Alisema pia kwamba sisi watu wa Likasi hatujui kunywa, tunajua paka kulewa.

Baba mkwe wa mwenye nyumba alikuwa pembeni kwenye kiti chake kifupi, kopo la munkoyo mkononi. Ni mzee wa kazi, nguvu zake zote alizimalizia mgodini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

— Mwalimu, weye mwenyewe ulisha kuionja?

— Bado, papa. Balinipatia ku Kasumbalesa, balisema iko muzuri sana.

— Balisema. Na ulimi yako weye iko wapi?

Tulicheka mpaka machozi. Lakini usiku ule mimi sikulala vizuri, na sababu nitaieleza mbele. Wakati ndugu wa chama chetu waliponiomba niandike juu ya desturi moja ya kwetu, wengi walitegemea nitaandika juu ya mahari ao juu ya kilio. Nimechagua hii ndogo ambayo hakuna mtu anaihesabu kuwa desturi: ginsi mtu anavyompa rafiki yake pombe na kumwambia, kunywa, ni nzuri. Na wanafunzi wangu, kama kitabu hiki kitawafikia, wajue kwamba sijawaita kwenye kabare. Wasome tu.

Kwetu, mwenye kuleta pombe ndiye anaonja wa kwanza. Mama muuzaji anachota katika chungu, anakunywa kidogo mbele yako, kisha njo anajaza kopo lako. Ukimuuliza mtu yeyote sababu, atakujibu kwa neno moja: bulozi. Anaonja ili uone hakuweka sumu. Ni kweli, na sisemi wazee walikosea kuogopa. Lakini mimi naona hiyo ni nusu ya maana. Nusu nyingine ni kwamba yule anayeonja anatoa hukumu yake hadharani. Uso wake unaonekana. Kama pombe imechacha kupita kiasi, midomo itamshitaki kabla hajasema kitu. Tunapofundisha darasani kwamba kazi ya uhakiki ni kusoma kazi yenyewe kabla ya kuisemea, wanafunzi wanafikiri ni jambo lililotoka Ulaya na vitabu. Bibi zao walikuwa wanalifanya kila siku pembeni ya chungu.

Tuanze na munkoyo yenyewe, maana kuna vijana wa mjini ambao wanaijua paka ndani ya chupa ya plastiki. Unapika uji wa unga wa mahindi, unauacha uive vizuri, kisha unaungojea upoe mpaka uwe vuguvugu. Hapo unatia mizizi iliyopondwa, inayofanana na kamba zilizochanika. Baada ya muda si mrefu uji mzito, ambao mwiko ulikuwa unasimama ndani yake, unalegea wenyewe na kuwa kama maji, na utamu unaingia bila sukari hata kijiko kimoja. Unatoa mizizi, unachuja, unaacha. Kesho yake watoto wanakunywa na kwenda shule. Siku ya tatu, ya nne, watoto hawapewi tena.

Mimi nilikula bukari na kunywa munkoyo miaka yote bila kujiuliza ni nini kinalegeza ule uji. Ni mwenzangu wa biolojia aliyenieleza. Mizizi ile ni ya mimea midogo ya porini, jamaa ya maharagwe. Wataalamu wanaiita Rhynchosia, kuna na Eminia, kuna na Vigna. Ndani yake mna amilazi, kitu kile kile kilicho katika mate yetu, ambacho kinaukata wanga na kuugeuza sukari. Baadaye vijidudu vya uchachu vinaila ile sukari. Sasa fikiri kidogo. Mtengeneza bia wa Ulaya, ili apate amilazi, lazima aloweshe shayiri, aioteshe, aikaushe. Hiyo njo kimea. Hata sisi kwa pombe ya mtama ao ya ulezi tunaotesha nafaka namna hiyo hiyo. Lakini kwa munkoyo, mama mmoja wa zamani, huku kwetu ao upande wa Zambia, aligundua kwamba kazi yote ya kuotesha inaweza kufanywa na mzizi mmoja uliochimbwa asubuhi. Kama kiwanda kingegundua jambo hilo leo, kingeliandikisha kwa jina lake.

Munkoyo nzuri inahukumiwa namna gani? Kwanza pua. Inapaswa kunuka udongo kidogo, udongo wa mvua ya kwanza, na mti mbichi. Kama inanuka uji tu, mizizi ilikuwa michache ao mikavu sana. Kisha ulimi: utamu unakuja mbele, uchachu unafuata nyuma yake, na mwishoni kabisa, pale karibu na koo, uchungu mdogo wa mzizi, mdogo sana. Uchungu ukiwa mkubwa, mama aliogopa na akazidisha mizizi. Ikiwa inateleza mdomoni kama mate, aliitia mizizi wakati uji ungali moto mno, na nguvu ya mzizi ikafa. Munkoyo inasema kila kosa la mkono ulioipika, haina pa kujificha. Kwa hiyo mimi naiweka juu kuliko vinywaji vyote vya hapa, na sisemi hivyo kwa sababu ya utamaduni. Ninasema kwa sababu ya ulimi.

Ile inayouzwa leo mara nyingi barabarani, ya sukari na levire, ni jambo lingine. Utajua mara moja: utamu unabaki kwenye midomo na chini yake hakuna kitu, halafu mapovu mengi ya bure. Siiti sumu. Naiita uongo. Muuzaji atakuambia mizizi imekuwa ghali, na hapo anasema kweli. Pori la karibu na mji limegeuka makala, na pale lisipogeuka makala limegeuka mashimo. Mama ambaye zamani alichimba mizizi nyuma ya shamba lake, leo anainunua kwa mafungu sokoni Kikula, imekauka, haijulikani ilichimbwa lini. Nani atamlaumu akichukua sukari? Mimi namlaumu kidogo, lakini namlaumu pale tu anapoonja mbele yangu na kufanya uso wa munkoyo ya kweli.

Juu ya kibuku nitasema machache, maana nimeinywa vizuri mara mbili ao tatu tu. Zingine zilikuwa kama supu iliyosahauliwa. Lakini historia ya jina lake inaingia katika jambo letu. Upande wa Copperbelt, kule Kitwe, katika miaka ya 1950, Mjerumani aitwaye Max Heinrich alianza kutengeneza kiwandani ile pombe nzito ya nafaka ambayo akina mama walikuwa wanapika nyumbani. Wanasema alikuwa na kitabu, na kila mara wanywaji walipotoa maoni, hii kali, hii nyepesi, hii ya jana ilikuwa bora, aliandika humo. Njo watu wakaiita Chibuku, pombe ya kitabu. Kwa hiyo jina la pombe ya maskini wa migodini, tangu Kitwe hadi kwetu, ni jina la daftari la wahakiki! Wale wanywaji hawakusoma chuo chochote cha ladha. Walijua tu kwamba mtu akiwauliza, wanapaswa kujibu kwa ulimi wao.

Sasa chupa. Simba ni ya kwetu tangu miaka ya 1920, na hakuna mtu wa Katanga atakayekubali mgeni aiseme vibaya, hata yule asiyeinywa. Mimi naiona ni bia ya jua: nyepesi, haina maneno mengi, inafaa na nyama ya mbuzi ya kuchoma na pilipili. Peke yake, bila chakula, inanichosha kwenye glasi ya pili. Tembo ni kitu kingine. Rafiki zangu wanaisifu kwa sababu ya rangi, kwamba ni nyeusi, basi ni ya wanaume. Lakini rangi yake ni kahawia, si nyeusi, na ukiinywa polepole utaona ni bia ya upole, ina utamu wa nafaka iliyokaangwa kidogo, na uchungu wake ni mdogo kuliko rangi inavyoahidi. Si stauti hata kidogo. Watu wa pwani, kule Mombasa na Zanzibar, wana bahati ya maneno: kwao tembo ni ndovu, na tena ni pombe ya mnazi. Sisi tuliweka mnyama kwenye chupa bila kujua kwamba lugha ilikuwa imeshamweka humo.

Kosa letu kubwa juu ya Tembo ni barafu. Dada wa kabare anauliza, ya baridi ao ya moto, na sote tunapiga kelele, ya baridi! Inakuja chupa yenye jasho, meno yanauma, ulimi umelala. Bia ya kahawia katika baridi kali haina tena kitu cha kusema. Wazee wanaoagiza ya moto, yaani isiyotoka frigo, vijana wanawacheka. Mimi nimewafuata wazee nusu ya njia: ninaiagiza ya baridi, kisha ninaiacha mezani mpaka chupa ikauke jasho. Wenzangu wanasema ninaipa mahubiri.

Halafu kuna Turbo King, ambayo ni ya kahawia pia na ina nguvu na utamu zaidi. Chupa moja kwa watu wawili, nasema ni nzuri. Chupa tatu kwa mtu mmoja, kesho asubuhi hatafundisha.

Lakini sikilizeni ginsi tunavyosifiana bia mezani. Mtu wa Simba na mtu wa Primus wanaweza kubishana saa nzima, na katika saa ile hakuna hata mmoja atasema bia yake ina ladha gani. Wanasema juu ya jimbo, juu ya mpira, juu ya nani ni mwanaume. Matangazo yametufundisha vizuri: hatusemi tena kinywaji ni nini, tunasema sisi ni nani. Mwenzetu wa Lubumbashi na stauti yake alikuwa na maneno mapya, shokola, moshi, maziwa, na maneno hayo si mabaya, yanaweza kusaidia. Ila yalikuwa ya kuazima. Alikuwa anatusomea karatasi ya chupa.

Desturi ya zamani bado imebaki kwenye kabare katika jambo moja tu. Bia haiji mezani ikiwa imefunguliwa. Dada anailetea ikiwa imefungwa, unaiangalia, anaifungua mbele ya macho yako, na mara nyingi anarudisha kapsile juu ya mdomo wa chupa. Mgeni anafikiri ni adabu ya kabare. Ni mama wa chungu yule yule, lakini sasa ameondoa ulimi wake na kuweka kizibo cha chuma pahali pake. Kizibo kinakuhakikishia kwamba hakuna aliyegusa. Hakikuambii kama ni nzuri.

Nafika sasa kwa lutuku, na kwa ile sababu iliyoninyima usingizi.

Sheria ya wakoloni ilikataza Mweusi asinywe pombe ya kukereka. Nchi za Ulaya zilikuwa zimekubaliana juu ya kuzuia biashara hiyo katika Afrika, kwa mapatano ya Saint-Germain ya mwaka 1919. Pombe haikuisha, ilijificha. Iliendelea kupikwa usiku, ndani ya mapipa, na polisi walipokuja ilimwagwa. Tabia ya kujificha ikabaki hata baada ya uhuru. Na kitu kinachopikwa kwa kujificha hakionjwi hadharani. Lutuku inatoka kwa mpishi asiyejulikana, inaingia kwenye bido, inauzwa kwa wa pili, wa pili anaiongezea maji ao kitu kingine, inauzwa kwa wa tatu. Unapoinunua, hakuna uso mbele yako wa kuangalia. Kuna tu mtu anayekuambia: balisema iko nguvu.

Mwaka 2003 nilikuwa kijana, natafuta pesa za kuendelea na chuo cha ualimu, na nilikwenda kuchimba Shinkolobwe kama maelfu ya wengine. Mgodi ule dunia yote inaujua kwa sababu ya uranyumu yake, iliyotumiwa na Wamarekani kwa mabomu ya 1945. Sisi tulitafuta kobalti. Wazee wanasema Shinkolobwe ni jina la tunda ambalo likipikwa linapoa nje na kubaki moto ndani. Ukiliuma kwa haraka, linakuunguza. Jioni kulikuwa na vinywaji vya kila namna. Rafiki yangu mmoja, tuliyeshika kamba moja shimoni, aliniuliza siku moja wapi atapata lutuku nzuri, maana kesho yake alikuwa na sherehe ndogo. Nilimwonyesha kibanda. Nikamwambia, chukua kwa yule, lutuku yake ni safi. Mimi sikuwa nimeonja lutuku ya kibanda kile hata siku moja. Nilisikia tu watu wakiisifu, na nilitaka nionekane najua pahali.

Walikunywa watatu. Asubuhi wawili walilalamika kichwa. Yeye alisema ukungu umeingia kambini, na hakukuwa na ukungu. Nilisoma baadaye kwamba metanoli, ile alkoli ya kiwanda ambayo watu wabaya ao wajinga wanaichanganya, ikiingia mwilini inageuka asidi inayoua mshipa wa macho. Haina harufu ya kukuonya. Ulimi wenyewe unaweza kudanganyika. Kwa hiyo sisemi kwamba kama ningeionja ningemwokoa. Labda tungepofuka wawili. Lakini kama ningeulizwa, weye ulionja?, ningejibu bado, na yeye angetafuta pengine. Hakuna aliyeniuliza. Bado ninamtembelea, anatambua hatua zangu kabla sijabisha. Hatujawahi kuzungumza juu ya kibanda kile.

Katika kambi ile ile alikuwepo mama mzee, sisi sote tulimwita Nkambo, aliyeuza munkoyo. Hakupika kwa maji ya kijito kilichopita chini ya machimbo. Alisema maji yale yana ulimi wa chuma na yanaharibu mzizi. Alilipa vijana wamletee ya mbali, na bido iliyowahi kubeba mafuta ao asidi hakuikubali hata ukiisugua mara saba. Kwa hiyo kopo lake lilikuwa ghali kuliko la wengine, na tulimnung'unikia. Kila kopo, hata la mia moja kwa siku, aligusa kwanza kwa midomo yake. Siku moja alichota, akaonja, akanyamaza, kisha akamwaga chungu chote mbele ya wateja waliongojea na pesa mkononi. Alisema tu: leo hapana.

Januari 2004 dekreti ya rais ilipiga marufuku uchimbaji pale. Mwezi wa saba shimo likaporomoka na kuua watu, na mwaka ule ule kijiji kikaondolewa. Nkambo alihamia kwa binti yake, Kikula, na huko akamaliza siku zake. Binti anapika bado. Ananunua mizizi sokoni, na wakati mizizi inakosekana anasema wazi: hii ya leo ni ya sukari, usilipe bei ya mama. Munkoyo yake ya mizizi nimeinywa mwezi uliopita. Ina uchungu kidogo zaidi ya ule wa Nkambo, na harufu ya udongo ni hafifu, mzizi mkavu. Lakini uchachu unakuja pale unapopaswa kuja. Nimewatuma watu watano kwake, na kila mmoja nilimwambia siku gani niliinywa mimi mwenyewe.

Turudi Panda, kwenye zile chupa sita. Mwenzetu wa Lubumbashi, baada ya kicheko, alifungua moja, akamimina katika glasi yake na kunywa mbele yetu. Uso ulikunjika. Alisubiri, akanywa tena. Akasema kwa sauti ndogo:

— Shokola siioni. Iko muchungu, halafu nyuma inakuya kintu kama bukari yenye kuungua. Lakini... nayipenda kidogo.

Hapo njo wote tukanyoosha glasi. Mzee alipewa ya kwake katika kopo lile lile la munkoyo, hakutaka glasi. Aliishika mdomoni muda mrefu, macho amefunga, tukamngojea kama wanafunzi wanaongojea matokeo.

— Hii, akasema, iko sawa munkoyo ya siku ya ine, yenye mama alisahabu ku moto.

Akanyoosha kopo.

— Ongeza.